Uso Ulioazimwa na Vita

Sebuleni kwa shangazi yangu, juu ya televisheni, imetundikwa picha ya mwanawe wa mwisho akiwa amevaa joho la mahafali. Kofia imekaa upande, anacheka, na nyuma yake kuna mwarobaini na watu wengine wenye majoho. Chini ya picha pameandikwa jina lake na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Mgeni akishakaribishwa na kupewa maji, huinua macho, akaitazama, akasema neno lile lile: masikini, ndiyo kwanza alikuwa kamaliza chuo.

Hakumaliza chuo. Hakuwahi hata kukisoma. Siku ile tulikwenda kumpongeza rafiki yetu, binamu yangu akalichukua joho la mwenye shughuli, akalivaa kwa utani, akaniambia, "Hebu nipige moja, nione ningependezaje." Nikampiga kwa simu yangu. Miezi minane baadaye alikufa kwa ajali ya pikipiki. Usiku wa kwanza wa msiba, tukiwa tumekaa chini ya turubai, shangazi alituomba tutafute kwenye simu zetu picha nzuri ya kupeleka studio ikakuzwe. Zilipatikana nyingi. Kuna aliyokuwa gereji, mikono imejaa grisi. Kuna aliyokuwa ufukweni. Kuna aliyokuwa amelala mdomo wazi, ambayo tuliipiga ili tumcheke. Shangazi alizipitia zote taratibu, akafika kwenye ile ya joho, akanirudishia simu.

"Hii hapa, mwanangu. Huyu ndiye yeye."

Sikusema kitu. Niliituma studio.

Tangu siku hiyo kuna picha nyingine, kongwe na maarufu zaidi, ambayo siwezi kuitazama bila kuikumbuka hii ya kwetu. Ni ya mshairi wa Kiingereza, Rupert Brooke. Ukifungua karibu kitabu chochote kinachohusu washairi wa Vita Kuu ya Kwanza, uwezekano wa kuikuta humo ni mkubwa. Ndiyo sura ambayo Waingereza wengi waliipa vita ile katika miaka yake ya mwanzo. Nataka kuieleza picha yenyewe kwanza, kisha yaliyoipata, kwa sababu naamini ubaya wake, kama una ubaya, haukuanzia kwenye kamera.

* * *

Picha ilipigwa London mwaka 1913. Mpiga picha alikuwa Mmarekani, Sherril Schell, na Brooke alikwenda kupigwa nyumbani kwake, Pimlico. Zilipigwa kadhaa siku hiyo, nyingine akiwa na shati na tai. Iliyopata umaarufu ni ile ambayo hana shati.

Tunamwona kuanzia mabegani kwenda juu. Mabega yako wazi. Uso umegeuzwa pembeni, kwa hiyo tunausoma kwa ubavu: paji la uso, pua iliyonyooka, midomo iliyofumbwa, shingo ndefu. Nywele ni ndefu kuliko ilivyokuwa desturi ya wanaume wa tabaka lake, nazo zimesukumwa nyuma. Nyuma yake ni giza. Hakuna kiti, hakuna kitabu, hakuna dirisha, hakuna kitu cha kutuambia huyu ni nani au anafanya kazi gani. Macho hayatuangalii sisi. Yanaangalia jambo lililo nje ya picha, ambalo hatutalijua kamwe.

Schell alisimulia miaka mingi baadaye kwamba siku ile ilikuwa ya ukungu na mwanga ulikuwa hafifu, hata ikambidi Brooke atulie kwa karibu dakika nzima kila picha ilipopigwa. Wewe uliyezoea simu inayopiga picha kumi kabla hujapepesa jicho, jaribu kukaa mbele ya kioo dakika moja bila kutikisika. Tabasamu halidumu dakika nzima. Mzaha hufa baada ya sekunde tano. Hasira, haya, njaa, vyote vinachoka na kuondoka usoni, na kinachobaki ni umbo tu. Ndiyo maana kijana huyu wa miaka 25 anafanana zaidi na sanamu ya Kigiriki kuliko na mtu aliyetoka kupanda ngazi za nyumba ya mtu akiwa na koti mkononi. Kamera ilimtaka awe jiwe kwa dakika moja, naye akaweza.

Marafiki zake wa Cambridge walipoiona picha hiyo waliicheka. Waliipachika jina la utani, kwamba ni picha ya mwigizaji wa kike umpendaye, mfano wa zile kadi ambazo mashabiki walikuwa wakinunua na kubandika ukutani. Kwangu mimi huo ndio uhakiki wa kwanza wa picha hii, na bado ni miongoni mwa uhakiki bora. Walicheka kwa sababu walimjua mtu wao. Walimjua msemaji, mchangamfu, mwenye wivu. Walijua kwamba mwaka 1912 mapenzi yalimwendea kombo mpaka akili ikamyumba na akahitaji matibabu. Waliopokea barua zake walijua pia upande wake mchungu, kwa maana barua hizo zina maneno ya chuki juu ya Wayahudi na ya dharau kwa wanawake. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichoweza kuvumilia ile dakika nzima.

Lakini utani wa marafiki unatukumbusha jambo lingine lililo rahisi kusahaulika. Mwaka 1913 Uingereza haikuwa vitani na Ujerumani. Picha hii ya mshairi wa vita ilipigwa wakati Brooke hajaandika hata mstari mmoja wa vita ile, hajavaa sare, na hana sababu ya kudhani atavaa. Alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda Marekani na Kanada, na baadaye akafika hadi Tahiti. Mabega yale wazi ni ya mtu anayejipendeza. Ndivyo alivyokuwa binamu yangu ndani ya joho la mwenzake.

* * *

Vita vilianza Agosti 1914. Brooke alipata cheo cha ofisa katika kikosi cha wanamaji wanaopigana nchi kavu, akisaidiwa na rafiki yake Edward Marsh, ambaye alikuwa katibu wa Winston Churchill, aliyekuwa akiiongoza wizara ya jeshi la majini wakati huo. Oktoba kikosi chake kilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, mji ulipokuwa unaanguka. Aliona moto, aliona wakimbizi wakiburuta mizigo barabarani, na baada ya siku chache wakarudishwa nyumbani. Hiyo ndiyo vita yote aliyoiona kwa macho yake. Mwisho wa mwaka aliandika soneti tano, yaani mashairi matano ya mistari 14 kila moja, kuhusu kijana anayejitoa kwa ajili ya nchi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Tarehe 4 Aprili 1915, siku ya Pasaka, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, William Inge, aliisoma soneti mojawapo katika mahubiri yake. Brooke alikuwa njiani kuelekea vita vya Dardanelles. Tarehe 23 Aprili alifia ndani ya meli ya hospitali ya Wafaransa, karibu na kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Alikuwa na miaka 27. Hakupigwa risasi. Aliumwa na mbu, kidonda kikaingia uchafu, na uchafu ukaenea kwenye damu. Sisi tunaomjua mbu hatuwezi kukidharau kifo hicho, lakini hakikuwa kifo ambacho soneti zake zilikitabiri. Rafiki zake walimzika usiku ule ule katika shamba la mizeituni. Siku mbili baadaye majeshi yalishuka Gallipoli bila yeye.

Tarehe 26 Aprili gazeti la The Times lilichapisha rambirambi yenye jina la Churchill. Ndani yake Brooke si mtu tena, ni mfano: kijana aliyejua atakufa na akawa radhi. Serikali ilikuwa inahitaji vijana wengi wa aina hiyo, tena haraka. Mwezi uliofuata kilitoka kitabu chake, "1914 and Other Poems". Msomaji akikifungua, kabla hajakutana na shairi lolote, alikutana na picha ya Schell, ile isiyo na shati, imechapwa kwa ustadi kwenye ukurasa unaotazamana na jina la kitabu. Mwaka huo huo kitabu kilirudiwa kuchapwa mara 11 zaidi. Kufikia Juni 1918 kilikuwa kimechapwa mara ya 24.

Fikiria basi picha ile imefika mikononi mwa watu wangapi, na imefika ikiwa na kazi gani. Mwaka 1913 mabega wazi yalisema: mimi ni kijana, mimi ni msanii, na sioni haya. Mwaka 1915 mabega yale yale yalisema: mimi ni sadaka. Giza la nyuma lililokuwa mapambo ya mpiga picha likawa kaburi. Macho yaliyokuwa yanaangalia ukuta wa nyumba ya Schell yakawa yanaangalia umilele. Picha yenyewe haikubadilika hata doa moja. Kilichobadilika ni maneno yaliyowekwa kando yake, na tarehe ya kifo.

* * *

Hapa ndipo uhakiki wa picha unapogeuka kuwa uhakiki wa mashairi, kwa maana hivi viwili viliuzwa pamoja na vilisaidiana.

Soneti zile zinazungumzia mwili bila kuuonyesha. Katika mojawapo, vijana wanaiendea vita kama watu wanaojitupa majini kuoga uchovu wa dunia iliyozeeka. Katika ile maarufu kuliko zote, msemaji anaifikiria maiti yake ikigeuza udongo wa ugenini kuwa udongo wa kwao. Hakuna jeraha. Hakuna adui. Hakuna tope, hakuna harufu, hakuna wakimbizi wa Antwerp ambao mshairi aliwaona kwa macho yake wiki chache tu kabla ya kuandika. Mshairi ameacha nafasi tupu mahali pa mwili, na ile picha ya mwanzo wa kitabu ikaja kuijaza. Msomaji hakulazimika kujiuliza mwili unaozungumziwa ukoje. Alikuwa ameuona tayari: safi, mweupe, mzima, hauna hata mkwaruzo.

Nimejaribu kuzisoma soneti hizo nikiwa nimeufunika uso ule. Si zoezi geni kwa msomaji wa Kiswahili. Tunamsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa bila kujua alikuwa na sura gani. Alifariki mnamo 1840, mwaka mmoja tu baada ya ufundi wa kupiga picha kutangazwa Paris, na hakuna kamera iliyomfikia. Naye alikuwa mshairi wa zama za vita, aliyeisemea Mombasa katika ugomvi wake na Lamu na wa Mazrui na watawala wa Oman. Hatuna uso wake, na hatuuhitaji, kwa sababu mashairi yenyewe yamejaa watu: kuna kejeli, kuna vitisho, kuna mji wenye hila zake. Ukifunika uso wa Brooke, soneti zinabaki na sauti nzuri na ufundi ambao siwezi kuukana. Lakini zinabaki kama nyumba iliyopigwa rangi na haina mtu ndani.

Si mimi wa kwanza kusema hivyo, na waliosema kabla yangu walikuwa na haki kubwa kuliko yangu. Charles Sorley, mshairi na ofisa kijana, aliandika katika barua ya mwaka 1915 kwamba Brooke alikuwa ameivisha hisia ya kawaida maneno ya fahari, na kwamba alikuwa ameshughulika mno na sadaka yake mwenyewe. Oktoba mwaka huo huo Sorley aliuawa Loos, Ufaransa, akiwa na miaka 20. Isaac Rosenberg naye aliandika kutoka jeshini kwamba hakuzipenda soneti zile, kwa kuwa zimepakwa utukufu mwingi.

Huyo Rosenberg inafaa tumtazame, kwa sababu naye ana picha. Alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, amekulia mashariki mwa London katika ufukara, mchoraji na mshairi. Alijiunga na jeshi mwaka 1915 akiwa askari wa kawaida, kwa sehemu kubwa ili mama yake apate posho. Kwa ufupi wa kimo chake aliwekwa kwenye kikosi cha watu wafupi. Mwaka 1917, akiwa likizo fupi kutoka Ufaransa, alipigwa picha studio na sare yake, picha kama zile ambazo askari wengi walipiga ili familia zibaki na kitu. Hakuna ukungu wa kisanii. Nguo ni ya serikali, uso ni wa mtu anayejua anarudi wapi. Aliuawa tarehe 1 Aprili 1918, akazikwa pamoja na wengine, na jiwe la kaburi lake linakiri kwamba amezikwa karibu na hapo, si hapo hasa.

Jambo linalonisumbua ni kwamba Edward Marsh, yule yule aliyemsaidia Brooke, alikuwa pia mfadhili wa Rosenberg. Mtu mmoja aliwafahamu washairi wote wawili. Mmoja alipokufa, Marsh aliandika kumbukumbu ya maisha yake iliyomsafisha na kumng'arisha, ikachapwa mwaka 1918. Mwingine mashairi yake yalisubiri mhariri mwingine hadi 1922. Sisemi Marsh alikuwa mtu mbaya. Nasema kwamba nchi iliyo vitani huchagua sura kama shangazi yangu alivyochagua: inapita zile za grisi, inapita za usingizi, inasimama kwenye ile ambayo ingetamani iwe kweli.

Hata picha ya Wilfred Owen, ambaye leo tunamtumia kama jibu la Brooke, ina siri ya namna hiyo. Ile tunayoijua, mwenye sharubu ndogo na sare ya ofisa, ilipigwa mwaka 1916, kabla hajafika mstari wa mbele. Mahandaki ya Ufaransa aliyaona kuanzia Januari 1917. Kwa hiyo mtu tunayemwona si yule aliyeandika kuhusu gesi na majeruhi. Ni yule wa kabla. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha, na kitabu chake cha mwaka 1920 kikatoka na sura yake hiyo mwanzoni. Tunaitazama tukijua yasiyojulikana na mwenye sura, na ujuzi wetu ndio unaoyafanya macho yake yaonekane na huzuni.

* * *

Kuna waliokosa hata hicho. Novemba 1914, kati ya safari ya Brooke ya Antwerp na soneti zake, Waingereza walishuka Tanga na kupigwa vibaya na jeshi la Wajerumani, ambalo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Waafrika. Vita ile ile, miezi ile ile. Ilidumu Afrika Mashariki hadi 1918, na iliwala hasa wapagazi, watu waliobebeshwa risasi na unga kichwani mpaka wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Tunakwenda pale kununua vitenge na chaja za simu, na tunalitamka jina la kikosi chao bila kuwaza.

Katikati ya jiji hilo hilo kuna Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maneno yaliyochongwa chini yake kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawataja askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee alipotea katika vita ya Loos, ile iliyomuua Sorley. Kwa hiyo alijua anaandika nini kuhusu majina na watoto. Lakini pale kwenye sanamu hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Siwaleti hapa ili kumsuta Brooke. Hakuwaua yeye. Nawaleta kwa sababu uso mmoja ukishawekwa mbele kuisimamia vita nzima, huwaficha walio nyuma yake, na kadiri unavyokuwa mzuri ndivyo unavyoficha zaidi. Mwaka 1919, katika kanisa la shule aliyosoma Brooke huko Rugby, palizinduliwa kumbukumbu ya marumaru iliyochongwa kwa kufuata picha ya Schell. Mzinduzi alikuwa Jenerali Ian Hamilton, aliyeongoza mashambulizi ya Gallipoli yaliyoshindwa na kuua maelfu kwa maelfu. Dakika moja ya utulivu Pimlico ilikuwa imegeuka jiwe kweli.

* * *

Ipo, hata hivyo, picha nyingine ya wakati ule, na ni kwa ajili yake ambapo sijaweza kumtupa Brooke. Haikupigwa na kamera. Aprili 1915, akiwa melini kuelekea vitani, aliandika shairi fupi ambalo hakulimaliza. Anatembea usiku juu ya sitaha, na kupitia dirishani anawachungulia marafiki zake waliokaa chini ya taa, wengine wanacheza karata. Wao hawamwoni. Anaiona miili yao, nguvu yao, uzuri wao wa kawaida, na anawaona kama vitu vyepesi vitakavyovunjika karibuni na kutawanyika. Hakuna utukufu mle. Kuna mtu gizani, kioo, na watu anaowapenda.

Ndani ya meli ile walikuwamo waliokuja kumzika Skyros. Denis Browne aliuawa Juni 1915. Charles Lister alikufa Agosti mwaka huo kwa majeraha. Frederick Kelly, mwanamuziki, aliuawa 1916. Patrick Shaw-Stewart, 1917. Shairi lile liliona sawasawa.

Ndiyo maana nasema ubaya haukuanzia kwenye kamera. Picha ya Schell ni nzuri, na ukiirudisha mwaka wake wa 1913 ni picha ya kijana anayejipenda, na hilo si kosa. Kosa lilikuwa kuipa kazi ambayo haikuajiriwa kuifanya. Na shairi la melini linaonyesha kwamba mwenye uso ule, siku zake za mwisho, alikuwa ameanza kutazama kwa namna nyingine: aliacha kujitazama, akawatazama wenzake. Kama ningekuwa mhariri wa kitabu kile ningeliweka shairi hilo mwanzoni, na picha ningeiacha ndani ya barua za marafiki waliokuwa wakiicheka.

Ni rahisi kusema. Mimi nilituma ya joho studio.

Mwaka jana niliitafuta ile picha ya gereji, nikaisafisha kidogo, nikaikuza ukubwa wa daftari, nikaitia fremu, nikampelekea shangazi. Aliishika kwa mikono miwili. Nilitegemea angeuliza kwa nini. Alipitisha kidole juu ya mikono ya mwanawe, akasema, "Grisi hii. Nilifua shati lile wiki nzima, haikutoka."

Hakuitundika sebuleni. Aliingia nayo chumbani, akaiweka kwenye meza ndogo anapoweka dawa zake za presha. Ile ya joho bado iko juu ya televisheni. Nilikuwepo juzi alipokuja mgeni, akaketi, akapewa maji, akainua macho. "Masikini, ndiyo kwanza alikuwa kamaliza chuo."

"Ndiyo," shangazi akasema, na akanitazama mimi.